Majani Yalifika, Uji Haukufika

Mwaka 1969, nikiwa na miaka tisa, baba alifunga sanduku lake la bati kwa kamba ya mgomba akaenda Zambia kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba. Shida yetu ilianzia hapo. Alituacha wawili, mama na mimi, na nyumba ya mianzi na udongo kule Kyimo wilayani Rungwe, na migomba, na ng'ombe mmoja ambaye hata hakuwa wake, alikuwa wa babu. Alisema atarudi kabla ya maharage kuvunwa. Maharage yamevunwa mara ngapi tangu siku hiyo, hesabu mwenyewe.

Sikuwa na nia ya kuyasema haya. Walioyachokoza ni wasichana wawili waliokuja dukani kwangu mwezi uliopita. Duka langu liko Bagamoyo, Bagamoyo yetu hii ya Tukuyu, si ile ya pwani. Nauza mchaichai mbichi na mkavu, tangawizi, kivumbasi, asali, unga wa ulezi. Mambo ya jikoni tu. Sijawahi kumdanganya mtu kwamba jani linaponya kisukari. Mwenye kisukari namwambia nenda hospitali, ukirudi tutakunywa chai pamoja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Tunataka ile chai yako ya kukata tumbo."

"Tumbo lipi? Wewe ukisimama nyuma ya fagio sikuoni."

Wakacheka. Mmoja akainua simu. "Bibi, tunakurekodi kidogo tu. Tuambie, haya maarifa ya vitu vya asili ulifundishwa na nani?"

"Na mama yangu."

"Alikuwa mganga?"

"Alikuwa mpishi."

Wakacheka tena. Nikafungua fungu la mchaichai niwapimie. Ulikuwa wa siku ile, bado una umande, na ile harufu ikatoka ikanipiga usoni. Nikaliweka fungu chini. Nikawaambia jamani, nafunga. Saa nne asubuhi, watu ndio kwanza wanafungua, mimi nafunga. Nikakaa ndani gizani juu ya gunia la ulezi, mtu mzima nina wajukuu, nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

Maana nilikuwa nimewapa nusu ya ukweli. Mama alinifundisha, sikatai. Lakini jambo la kwanza nililojifunza kuhusu majani nilijifunza kwa wizi, na niliyemwibia alikuwa mgonjwa.

Wenzangu wa rika langu hamna haja ya kuelezwa, ila vijana wa sasa hawajui. Kwetu, mke wa mtu hakutakiwa kuonana na baba mkwe wake. Si kumkwepa macho tu. Hakumsogelea, hakuingia nyumbani kwake, na akimwona anakuja njiani alijitupa kwenye migomba mpaka apite. Jina lake hakulitaja. Wakristo wengi walikuwa wameanza kulegeza, lakini mama yangu hakuwa mtu wa kulegeza. Alikuwa ameolewa miaka kumi, na uso wa babu hakuwa anaujua. Alichojua ni kikohozi chake, kwa sababu kilisikika kutoka ng'ambo ya kijito.

Babu aliishi huko ng'ambo peke yake. Bibi alishafariki. Shangazi, yaani binti yake babu, aliolewa mbali, akawa anakuja mara moja moja. Mwaka huohuo baba alipoondoka, babu akaanguka. Kifua kilimbana, macho yakaingia ukungu, na meno yalikuwa yamebaki mawili ambayo hata hayakutazamana. Majirani walimletea ugali na maharage. Aliweza kuuzungusha ugali mdomoni tu, kuumeza hakuweza.

Mama akasema, mzee huyu hafi nikiwa hapa. Akaanza kupika.

Uji ule nautengeneza mpaka leo na watu wanatoka mbali kuja kuununua unga wake. Ulezi aliukausha juani siku zenye jua, na Rungwe jua ni la kuvizia. Akausaga kwa jiwe. Akauchemsha taratibu mpaka ukashika, halafu maziwa, maziwa yote ya asubuhi, hakuna tone lililobaki. Tangawizi iliyopondwa akachuja maji yake tu, yasimkwaruze mzee koo. Ndizi mbivu akaiponda mpaka ikapotea ndani. Mwisho asali. Akautia kwenye kibuyu, akaziba kwa jani la mgomba alilolipasha moto likalainika. Kando akafunga kifurushi cha mchaichai na kivumbasi, cha kuchemshwa kule kule, ili mzee anywe ya moto apate jasho.

"Mpelekee babu yako," akaniambia. "Kwanza uji, ukiwa bado na moto. Majani baadaye. Umesikia?"

Nilisikia. Lakini hebu nikupe akili ya mtoto wa miaka tisa mwenye njaa. Dawa zote nilizowahi kupewa zilikuwa chungu. Kidonge cha zahanati kilikuwa kichungu, majani aliyonichemshia mama nilipougua homa yalikuwa machungu mpaka masikioni. Kwa hiyo nilikuwa na sheria yangu kichwani, sikufundishwa na mtu: kitu kichungu ndicho kinachoponya, kitamu ni cha kula tu. Kifurushi cha majani ndiyo dawa ya babu. Uji ni chakula. Na babu ameshakula miaka mingi sana. Mimi nimekula miaka tisa.

Siku ya kwanza nilikunywa funda moja. Nilikaa chini ya mianzi, pale kabla ya gogo la kuvukia kijito, mvua ikinichuruzikia shingoni. Kibuyu kilikuwa na joto kama kiumbe hai. Nikainua jani kidogo. Ile harufu ya maziwa na tangawizi, sijui niseme nini. Funda moja, nikaziba. Babu akanywa mengine yote na akalala usingizi akiwa amekaa.

Siku ya pili mafunda manne. Ya tatu nikanywa nusu, nikaongeza maji ya kijito nikatikisa. Babu akasema uji wa leo mwepesi. Nikaona maji yananiumbua. Kuanzia siku ya nne nikaumaliza wote, nikasuuza kibuyu, nikavuka na majani peke yake.

"Ugonile, babu." Hiyo ndiyo shikamoo yetu.

"Ugonile, mwanangu. Mama yako mzima?"

"Mzima."

"Ameleta nini?"

"Majani. Amesema uchemshiwe, unywe ya moto."

"Majani tu?"

"Majani tu."

"Haya. Mwambie ndaga." Ndaga ni asante.

Na nikirudi nyumbani, mama ananisubiri mlangoni. Anachukua kibuyu, anakitikisa sikioni kusikia kama kumebaki kitu.

"Amemaliza?"

"Amemaliza wote."

"Amesemaje?"

"Amesema ndaga."

Basi hapo uso wa mama ungeuona. Mwanamke aliyeachwa, hana barua, hana shilingi, lakini amemlisha baba wa mume wake mpaka kibuyu kikakauka. Ndiyo ilikuwa njia yake pekee ya kumheshimu. Hana ruhusa ya kumshika mkono, hana ruhusa ya kumpa pole. Ana uji. Na kesho yake aliongeza asali kwa sababu mzee ameupenda. Nami nikanywa asali aliyoiongeza.

Watu wawili hawa hawaonani, hawasemezani. Njia ya katikati yao ni mimi. Hakuna mkwe mwingine duniani ambaye uongo wangu ungedumu kwake hata siku mbili. Kwetu ulidumu mwezi mzima na zaidi.

Jambo moja nililifanya kwa uaminifu. Majani. Nilipuliza moto wa babu mpaka macho yakawa mekundu. Nilijifunza kwamba mchaichai ukiuchemsha sana unakufa, inabidi uuweke maji yakishatulia. Nilijifunza kivumbasi kinatakiwa kuchanwa kwa vidole, si kwa kisu. Nilimshikia kikombe mpaka tone la mwisho. Nilimhudumia babu kwa dawa kuliko muuguzi yeyote, na huku nimeshiba uji wake. Ndiyo maana mikono yangu ina ufundi. Wasichana wale wanasema bibi una kipaji. Kipaji!

Siku moja babu akasema, "Gwe, sogea." Gwe ni wewe. Nikasogea. Macho hayakuwa yanaona vizuri, lakini pua ilikuwa nzima. Akanivuta karibu akanusa kichwa changu, kisha usoni.

"Unanukia maziwa."

"Nimekunywa nyumbani, babu."

Moto ulikuwa unalia kwa kuni mbichi. Akanipangusa mdomo kwa dole gumba, dole gumba lake kavu kama ganda la mahindi, akasema, "Vizuri. Mtoto anywe maziwa."

Mpaka leo sijui kama alijua. Nimeuzungusha usiku na mchana ule usemi. Ungekuwa wewe, ungesema alijua?

Akazidi kuisha. Magoti yakakataa. Mkono wake ukawa kama kijiti cha kuwashia moto. Kisha shangazi akaja, akamkuta amelala amegeukia ukutani, na kwenye chungu kuna majani ya mchaichai yaliyochemka. Akakoroga chungu kwa mwiko akitafuta kitu kingine. Akauliza majirani. Wakamwambia mtoto huleta majani kila siku. Majani tu.

Shangazi alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe. Siku ya tatu baada ya kufika kwake kikao kikakaa uani kwa babu: shangazi na wazee wawili wa ukoo. Mama aliitwa, lakini kwa kuwa babu alikuwa pale ndani, mama hakuweza kusogea. Akakaa nyuma ya migomba, mgongo ameipa nyumba, kanga kichwani. Hata sauti yake haikutakiwa ifike. Sasa nani atapeleka maneno?

"Gwe!" shangazi akaniita. "Nenda kamwulize mama yako, tangu lini baba mkwe analishwa majani? Amemwona ana pembe? Huyu ni mbuzi?"

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Nikaenda. Hatua kama thelathini, matope yananiingia katikati ya vidole. Mama akauliza bila kugeuka, "Wamesemaje?"

"Wanasema kwa nini unamlisha babu majani kama mbuzi."

Akageuka. "Majani?"

"Ndiyo."

"Na uji?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Mama akanishika kidevu akaninyanyua uso. Hakunitazama machoni. Alinitazama mdomo, akaukazia macho, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nilidhani atanipiga, nikafumba macho. Kofi halikuja. Nilipofumbua alikuwa ameshageuka, anajitanda kanga upya.

"Rudi," akasema. "Waambie ng'ombe alikauka. Waambie nimekosa."

Hapa ndipo aibu yangu ilipo, siyo kwenye uji. Njaa ni njaa, na mtoto ni mtoto. Lakini nilipewa hatua thelathini za kurudi. Ningeweza kufika uani nikasema, mimi ndiye niliyekunywa. Nilikuwa na mdomo, na wote walikuwa wakiusubiri. Mdomo uleule uliokunywa ndio uliosema, "Mama anasema ng'ombe alikauka. Anasema amekosa."

"Alikauka!" shangazi akajipiga makofi mapajani. "Na ndama wake ananenepa kwa umande?"

Wakacheka wote safari hii, bila kujificha kwenye kikohozi.

Kutoka ndani sauti ya babu ikasema, nyembamba, "Mwacheni. Mwanamke yule anajitahidi." Wakaendelea na kikao. Mgonjwa husemwa amechanganyikiwa.

Wakaamua. Ng'ombe arudi kwa shangazi. Mama arudi kwao Kinyala mpaka mumewe atakapokuja. Na hukumu hiyo nani aliyeipeleka nyuma ya migomba? Mimi.

Kwa akili ya miaka tisa nilidhani nimeponea. Nilidhani mama ameuamini uongo wangu, au hajaelewa. Tulipokuwa tunapanda kwenda Kinyala, yeye na mzigo kichwani na kibuyu kikining'inia kiunoni, nilikuwa nashukuru moyoni kwamba mama yangu si mwerevu sana. Nisamehe Mungu.

Ilinichukua miaka kuelewa. Kwetu iliaminika kwamba mzee akinyimwa chakula na watu wakanung'unika, manung'uniko yao ni baridi, na baridi ile inamwingia mkosaji mwilini mpaka anaugua. Mama aliiamini kabisa. Aliamua baridi hiyo imwingie yeye, isiniingie mimi. Tena mtoto wa kike aliyemwibia babu mgonjwa, nani angemwoa? Angenyooshewa kidole mpaka azeeke. Mama akajitanda kile kidole kama alivyojitanda kanga.

Babu alifariki kabla mvua haijapungua. Sisemi nilimuua. Alikuwa mzee na kifua kilikuwa kibovu. Sisemi pia kwamba sikumuua. Tulipoletewa habari, mama alilia akiwa amesimama, kisha akapika uji wa ulezi. Uji ulipoiva akaupakua wote kwenye bakuli langu.

"Kula kwanza wewe," akasema.

Tangu siku hiyo, kila chakula cha nyumba ile, mimi wa kwanza. Ndizi, mnafu, maharage, hata tulipokuwa na kiazi kimoja. Wajomba walisema unamharibu huyo mtoto. Mama hakubishana nao. Alipakua, akanisogezea, akasubiri. Hakunipiga, hakunitukana, hakulitaja lile jambo hata siku moja. Nakuambia, afadhali fimbo. Fimbo inauma inakwisha. Hili lilikuja mara mbili kwa siku.

Shule niliacha darasa la tatu. Mama alipanda mchaichai kwenye kingo za matuta ya shamba la kwao ili ushike udongo, nami nikaona akina mama wanaopika chai Tukuyu wanauhitaji. Nikaanza kubeba mafungu kichwani. Kisha tangawizi. Kisha ulezi. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nilikwenda kwa miguu, nikalala kwenye baraza za watu, nikajifunza mizani kwa kupunjwa. Najisifu, ndiyo, nina haki ya kujisifu. Nilimjengea mama chumba chenye saruji, nikamtoa Kinyala akaja kukaa nami.

Alikufa mikononi mwangu, miaka michache tu imepita. Mwisho hata yeye meno yalikuwa yameisha, na mdomo ukawa kama wa babu. Jioni moja nikampikia ule uji. Maziwa, tangawizi ya kuchujwa, ndizi, asali. Nikakaa kitandani na bakuli. Nikaona nikilala na jambo hili tena litanishinda.

"Mama," nikasema. "Ule uji wa babu."

Alikuwa anatazama dirisha.

"Ulikuwa mtamu?" akauliza.

Machozi yakanishinda. "Ulikuwa mtamu, mama."

"Basi niliupika vizuri." Akageuza uso, akaliona bakuli. "Kula kwanza wewe."

Nikala kijiko cha kwanza mbele yake, mimi mwanamke wa miaka sitini na ushei. Kisha yeye akafungua mdomo.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Bagamoyo, vyumba sita. Nina duka, na mashine ya kusaga ulezi. Nina ng'ombe watatu wa maziwa. Nina ekari mbili Kyimo, moja ya migomba na moja ya parachichi, na ndani yake kipo kile kijito na ile mianzi, nilivinunua nilipoweza. Nina matuta ya mchaichai Kinyala. Nina kaburi la mama lenye saruji, na la babu lenye saruji. Nina kibuyu kimoja, kile cha mama, kimepasuka, nimekishona kwa waya.

Vingine vyote nilivipata kwa jasho langu. Hicho nilipewa kikiwa kimejaa.